UZI: Windows 10 imefika mwisho, kompyuta yako bado nzima. Watu wa Mtwara na Lindi tuchague mfumo huria mmoja

fundi_ligula (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za mchana. Uzi ni mrefu, naomba mvumilie. Swali hili naulizwa dukani karibu kila wiki, na majibu ya juu juu yanawagharimu watu hela yao.

Tangu 14 Oktoba 2025 Microsoft wameacha kutoa masasisho ya kawaida ya Windows 10. Aliyejiandikisha kwenye mpango wao wa nyongeza anapata yale ya usalama hadi Oktoba 2026. Windows 11 nayo inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa upande wa Intel inataka prosesa ya kuanzia kizazi cha 8. Sasa angalieni mashine tulizonazo huku Kusini. Nyingi tulinunua zikiwa zimeshatumika: Dell Latitude, HP EliteBook, ThinkPad, kizazi cha 4 hadi cha 7, RAM GB 4 au 8. Ni mashine ngumu. Kibodi nzima, kioo kizima, bawaba bado zinakaza. Hela ya korosho ikiingia watu wanakuja kuniuliza, "Fundi, hii niitupe ninunue mpya?" Usiitupe. Hela hiyo ina kazi nyingine nyumbani.

Wengi wanakimbilia kupigiwa Windows ya kukraki. Programu ya kuiaktiveti inatoka kwa mtu usiyemjua, na kabla haijafanya kazi inakuomba uzime kinga ya virusi. Fikiria maana yake: unamfungulia mlango mgeni kwenye mashine yenye vyeti vyako, picha za watoto na paswedi za barua pepe. Mimi siiweki kwa mteja, hata akiniongeza hela.

Njia ninayoitetea ni mfumo endeshi huria (programu kuu inayoendesha kompyuta nzima, kama ilivyo Windows), yaani Linux. Na hapa ndipo nataka tuzungumze kwa undani, kwa sababu Linux si moja. Kuna matoleo mamia, wenyewe wanayaita distro, na mtu akiingia mtandaoni kuuliza "ipi bora?" anatoka amechanganyikiwa kuliko alivyoingia. Mwenye intaneti ya waya isiyopimwa ana nafasi ya kujaribu kumi, kila wikiendi moja. Sisi tunahesabu MB. Kwa hiyo kwetu mimi naona swali la kwanza ni hili: jirani yangu anatumia ipi?

Mbona kwenye pikipiki tunalijua hili. Watu wananunua Boxer kwa sababu spea zake zipo Tandahimba, zipo Kitangari, zipo Nachingwea, na fundi wa kijijini anaifungua akiwa amefumba macho. Hakuna anayeuliza ni ipi yenye sifa zaidi kwenye magazeti ya pikipiki.

Kuna na sababu nyingine, ya haki. Mtunzi wa programu Richard Stallman alipotangaza GNU, mradi wa programu huria, mwaka 1983, alitaka mtumiaji awe na uhuru wa kuitumia programu, kuisoma ndani, kuibadilisha, na kumgawia mwenzake nakala. Linus Torvalds, akiwa mwanafunzi Helsinki, alianza kiini cha Linux, ile sehemu ya ndani inayoendesha vifaa vya mashine, mwaka 1991, na mwaka 1992 akakiweka chini ya GPL, leseni iliyotoka kwa GNU yenye uhuru huo huo. Maana yake kwetu ni kwamba flashi moja ikitoka Mtwara mjini ikafika Newala, ikapita Masasi, ikaishia Nanyumbu, kila aliyeipiga kwenye mashine yake ana nakala halali kabisa. Kukopiana kumeruhusiwa kwa maandishi. Mahali ambapo GB tatu ni bando la kufikiria mara mbili, ruhusa hiyo ni kubwa kuliko uzuri wowote wa skrini.

Na kwa wanaosema hawajawahi kutumia Linux: simu yako ya Android inaendeshwa na kiini hicho hicho.

Sasa niwataje. Debian ilianzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, ni mradi wa watu wa kujitolea, na ndiyo mama wa ukoo mkubwa. Ubuntu ilizaliwa humo mwaka 2004, ikiongozwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Miaka ile walikuwa wanakutumia CD bure kwa posta popote ulipo. Linux Mint ikatoka kwenye Ubuntu mwaka 2006. Zote tatu zinatumia vifurushi (mafaili ya kuwekea programu, si vya bando) vya aina moja, .deb. Nje ya ukoo huo kuna Fedora, ambayo kila toleo linatunzwa takriban miezi 13 tu halafu unatakiwa kuhamia jingine. Kuna Arch, isiyo na matoleo, inasasishwa mfululizo mwaka mzima. Wanaozitumia wanazipenda na wana haki. Lakini kwa mtu wa Kilwa Masoko anayenunua bando la wiki, mfumo unaotaka kushusha mamia ya MB kila mara ni mzigo.

Ubuntu yenyewe siipingi. Kinachonifanya nisiiweke mbele ni snap, aina nyingine ya vifurushi vya programu. Firefox ya Ubuntu inakuja kama snap, na snap zinaenda zenyewe kuangalia masasisho mara nne kwa siku. Unaweza kuzizuia kwa amri, lakini mtumiaji wa kawaida hajui, anashangaa tu bando limekwenda wapi.

Kwa hiyo pendekezo langu: Linux Mint 22, ile ya Xfce (muonekano mwepesi wa skrini), kwa kila mashine yenye RAM ya GB 4 na kuendelea. Ukiwa na GB 8 na unapenda skrini yenye nakshi zaidi, chukua ile ya Cinnamon, ndani ni mfumo ule ule. Inatunzwa hadi 2029. Skrini yake ina menyu pembeni chini na saa upande wa pili, aliyezoea Windows 7 hapotei. Snap haimo. Masasisho hayalazimishwi: kuna alama ya ngao pale chini, inakuonyesha yapo mapya, ukiifungua unaona jumla ya MB kabla hujabonyeza chochote. Ukisubiri bando la usiku ni uamuzi wako.

Mashine yenye GB 2 naiwekea Debian yenye Xfce au LXQt, muonekano mwingine mwepesi. Zile kompyuta ndogo za zamani za bit 32, Debian 12 ndiyo ya mwisho yenye kisakinishi chake. Debian 13 iliyotoka Agosti 2025 imekiacha.

Kabla ya yote, kama mashine bado ina diski ya zamani ya kuzunguka, badilisha uweke SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani. Hakuna mfumo endeshi utakaokupa kasi ambayo SSD inakupa. Nimesema.

Jaribu kabla hujafuta kitu. Flashi ya GB 8, isiyo na kitu unachokihitaji. Shusha ISO ya Mint, yaani faili moja lenye mfumo mzima, ni karibu GB 3, iandike kwenye flashi kwa programu ya Rufus ukiwa Windows. Zima mashine, chomeka flashi, washa huku unagongagonga F12 kwa Dell na ThinkPad nyingi, F9 kwa HP. Chagua flashi, subiri. Mint itafunguka yote ikiendeshwa kutoka kwenye flashi na diski yako haijaguswa. Sasa kagua taratibu. Unganisha Wi-Fi. Cheza wimbo, sikiliza spika zote mbili. Washa kamera. Bonyeza vitufe vya kuongeza na kupunguza mwanga. Funga kifuniko, nenda kanywe maji, rudi ufungue: imeamka? Chomeka printa, toa ukurasa mmoja. Kinachogoma hapo mara nyingi kitagoma hata ukishaipiga kwenye diski, kasoro Wi-Fi za Broadcom, ambazo kwa kawaida huamka ukishaweka driva yake (programu inayoendesha kifaa) kupitia Driver Manager iliyomo ndani ya Mint. Utapataje driva bila Wi-Fi? Chomeka simu kwa waya wa USB, washa kugawa intaneti kwa USB, Mint inaitambua papo hapo.

Ukiridhika, hamisha mafaili yako kwanza kwenye diski ya nje. Yafungue huko uhakikishe yanafunguka. Kisha ndiyo upige.

Ukikopiwa ISO na rafiki, ihakiki. Hili naomba msilipuuze. Februari 2016 wahalifu waliingia kwenye tovuti ya Linux Mint wenyewe, wakaelekeza watu kwenye ISO iliyotiwa mlango wa nyuma. Timu ya Mint waliligundua na kutangaza, lakini somo limebaki. Kila ISO ina namba ndefu ya sha256, kama alama ya kidole ya faili, iliyotangazwa kwenye tovuti yao. Namba hiyo unaisoma hata kwa simu, bando inalokula ni dogo mno. Kwenye mashine yenye Linux fungua teminali (dirisha la kuandikia amri), andika `sha256sum` ukifuatisha jina la faili, linganisha herufi za mwanzo na za mwisho, na za katikati pia. Zikipishana hata moja, futa faili hilo.

Umeme. Ukikatika unaandika barua, mafaili yanakaa kwenye ext4, mpangilio wa diski ambao unaweka daftari la mabadiliko, mashine ikiwaka inajirekebisha. Ukikatika katikati ya masasisho unaweza kukuta programu zimesimama nusu. Fungua teminali, andika `sudo dpkg --configure -a`, halafu `sudo apt-get -f install`. Mara nyingi inamaliza hapo. Ila kama betri yako imekufa, usianze masasisho makubwa siku ambayo umeme unacheza.

Sasa faida ya kuwa kundi moja. Dukani nina mashine moja yenye programu ya apt-cacher-ng, ghala la vifurushi. Kompyuta ya kwanza ikishusha kifurushi, nakala inabaki pale. Ya pili na zinazofuata zinachukua kwa mtandao wa ndani, bando halisogei. Na hata bila hiyo, ukitumia `apt-get` kuweka programu, vifurushi vinabaki kwenye `/var/cache/apt/archives`, unavihamishia kwenye flashi unampelekea mwenzako Liwale. Lakini hili linakubali pale tu mashine zikiwa za distro moja na toleo moja. Ukiniletea Fedora nitakupokea vizuri, ila sina cha kukugawia, vifurushi vyake ni vya rpm. Ndiyo maana nasema tuchague pamoja.

Karibuni kwa maswali, na mwenye hoja tofauti aiweke.

---

mzee_wa_chikongola

Mkuu, nakuheshimu ila hapa sikubaliani. Linux ni ya wataalamu. Windows kila fundi anaijua. Mtu wa Newala akikwama usiku ana kazi ya asubuhi, nani atamsaidia? Atakupigia wewe Ligula? Unawatoa watu kwenye kitu wanachokijua unawaacha peke yao.

fundi_ligula

Mkuu, umegusa penyewe. Mtu kuachwa peke yake ndilo jambo linalonisumbua, ndiyo maana sikuja hapa kusema "hamieni Linux" halafu kila mtu achague yake. Tukiwa watano Newala wenye Mint 22, akikwama mmoja wanne wameshalipita tatizo lile. Tukiwa na distro tano tofauti, kweli kila mmoja yuko peke yake.

Halafu tukumbuke Mei 2024. Kimbunga Hidaya kilipiga, barabara ikakatika Somanga, magari ya Dar yakasimama. Siku chache baadaye nyaya za baharini za EASSy na Seacom zikakatika, intaneti ikayumba nchi nzima. Msaada wa kutoka mbali ulikuwa haupo kwa barabara wala kwa mtandao. Kilichokuwepo ni alichonacho mtu wa mtaa wako kwenye diski yake.

Mafundi kutoijua, ni kweli. Inabidi tujifunze. Mimi niko tayari kumwelekeza fundi yeyote wa mikoa hii miwili bila malipo, na sisemi hivyo kwa kujionyesha.

mzee_wa_chikongola

Hapo kwenye mafundi nakuunga mkono. Ila kwa mtu mwenye Windows halali inayofanya kazi na prosesa inayokubali 11, mimi bado namwambia abaki.

fundi_ligula

Huyo hata mimi simgusi. Abaki na amani yake.

---

mwl_ruangwa

Fundi, asante kwa uzi. Nafundisha sekondari, tuna chumba chenye kompyuta za mezani tulizopewa msaada, nyingi zimelala. Hofu yangu ni mitihani. Tunatunga kwa Word, tunatumiana na shule jirani. Faili nikilifungua kwenye LibreOffice, ile programu huria ya ofisi, kurasa zinahama, swali la 10 linaangukia ukurasa wa pili na mchoro unabaki wa kwanza. Na je, kuna cha Kiswahili cha maana humo?

fundi_ligula

Mwalimu, karibu sana. Kurasa kuhama mara nyingi kunasababishwa na aina ya herufi. Faili limetungwa kwa Calibri au Times New Roman, mashine yako haina, inaweka nyingine pana zaidi na mistari inasukumana. LibreOffice ina mbadala zilizopimwa upana sawasawa herufi kwa herufi: Carlito inashika nafasi ya Calibri, Caladea ya Cambria, Liberation Serif ya Times New Roman. Hakikisha zimewekwa: `sudo apt-get install fonts-crosextra-carlito fonts-crosextra-caladea fonts-liberation`. Faili lako lililoharibika lifungue upya baada ya hapo uone tofauti. Michoro iliyoshikizwa kwenye visanduku vya maandishi ndani ya Word bado inaweza kuhama, hiyo nakuambia mapema. Mtihani ukishakamilika utume kama PDF, hapo hakuna kinachosogea kwa yeyote. Wa kuhaririwa na wenzako uhifadhi kama .docx.

Kiswahili kipo. Kamusi ya kusahihisha tahajia ya Kiswahili cha Tanzania ipo kwenye LibreOffice, inaandikwa sw_TZ, na unaona mstari mwekundu chini ya neno ulilokosea kama ilivyo kwa Kiingereza. Na kazi hii haikuanza leo. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, ofisi nzima kwa Kiswahili, na LibreOffice ya leo imetokana na OpenOffice hiyo hiyo. Waliweza kwa sababu programu ilikuwa huria. Hawakuhitaji kumwomba mtu ruhusa ya kuitafsiri. Mimi jambo hili linanipa moyo kuliko mengi.

Kwa chumba cha wanafunzi angalia Kolibri, programu ya masomo. Inawekwa kwenye mashine moja, unaijaza masomo mara moja ukiwa na intaneti, kisha kompyuta zote za chumba na hata simu zinayasoma kwa mtandao wa ndani. Ina Kiswahili. Ongeza GeoGebra kwa hesabu na Stellarium kwa nyota. Kwa shule naona chumba kizima kiwe Mint moja, toleo lile lile, akaunti ya mwanafunzi isiyo na mamlaka ya kuweka programu.

mwl_ruangwa

Nimekuelewa. Hizo herufi nazijaribu leo leo.

---

mama_steshenari_masasi

Fundi mwanangu, mimi natoa kopi, naandika barua za watu, napiga picha za pasipoti, nafanyia watu maombi ya kazi na ya mikopo mtandaoni. Kinachoniua ni virusi vya flashi. Mteja anachomeka, folda zote zinageuka vinjia vya mkato, mafaili hayaonekani, analia mbele yangu. Hiyo Linux itanisaidia au itaniharibia kazi?

fundi_ligula

Shikamoo mama. Kwa virusi vya flashi itakusaidia sana, ila mashine yako kuu usiibadilishe kwa pupa. Nieleze.

Virusi vile ni programu za Windows. Vinaficha folda halisi za mteja, vinaweka faili dogo lenye jina lile lile linaloita kirusi. Ukichomeka flashi hiyo kwenye Linux, kile kirusi hakina pa kukimbilia. Ukibonyeza Ctrl na H kwenye dirisha la mafaili, vilivyofichwa kwa kuwekewa nukta mbele vinajitokeza, na folda zilizofichwa kwa namna ya Windows Linux huzionyesha bila kuombwa. Unaona folda ya mteja imekaa pale pale na vyeti vyake vyote, pembeni kuna yale mafaili ya .lnk na .vbs. Unafuta hayo tu. Mteja anayeamini kila kitu kimepotea anakuta kazi yake iko salama. Kwa hiyo tafuta kompyuta ya zamani uliyonayo stoo, iwe ndiyo mlango: kila flashi ya mteja ipite hapo kwanza kabla ya kugusa ile kubwa.

Maombi ya kazi, ya mikopo na mengine yanayofanyika kwenye tovuti yanafanywa kwenye kivinjari. Firefox imo tayari, Chrome unaiweka ukitaka.

Printa ndiyo ya kuangalia. HP nyingi zinakubali kwa programu ya hplip, na nyingi unachomeka tu. Epson za tangi za mfululizo wa L zina driva nzuri. Canon za zamani zinazotumia lugha ya CAPT, kama LBP2900, ni shida kubwa kwenye Linux, usinunue kwa ajili hiyo. Kama unayo, ibaki kwenye Windows.

Photoshop haipo kwa Linux. Kuna GIMP, picha za pasipoti inakata na kupanga vizuri, lakini mkono wako umezoea Photoshop na wateja wako foleni. Jifunze GIMP jioni kwenye ile mashine ya mlango. Siku ukiona mkono umezoea, ndiyo ufikirie kuhama. Mabango uliyotengeneza kwa Publisher, LibreOffice Draw inayafungua, ingawa mpangilio unaweza kuhitaji kunyooshwa.

mama_steshenari_masasi

Marahaba mwanangu. Hiyo ya mlango nimeipenda. Ninayo Pentium ya mwanangu aliyekwenda chuo.

---

karani_wa_amcos

Kaka fundi, niko Tandahimba. Msimu wa korosho ukifika nashika daftari la mizigo, kilo, makato na malipo ya wakulima kwenye Excel. Nikikosea mstari mmoja kuna mzee hapati hela yake. Nitaweza kuhamia?

fundi_ligula

Kaka, kwa kazi yako nitakuwa mwangalifu kuliko kwa mwingine yeyote. Kujumlisha, kuzidisha, makato ya asilimia, VLOOKUP, SUMIF, vyote Calc ya LibreOffice inavifanya kwa majibu yale yale. Mambo mawili ya kukagua. La kwanza, fomula ya XLOOKUP: imeingia kwenye LibreOffice kuanzia 24.8, na Mint 22 inakuja na 24.2. Kama daftari lako linaitumia, seli zitatoa kosa badala ya jibu, kwa hiyo ama uandike upya kwa INDEX na MATCH ama uweke LibreOffice mpya kutoka tovuti yao. La pili, makro. Kama faili uliloletewa kutoka ngazi ya juu lina vitufe vya kubonyeza vinavyofanya kazi zenyewe, hizo ni makro za Excel, na Calc inaendesha baadhi tu.

Fanya hivi msimu ukiwa umelala. Chukua nakala ya daftari la msimu uliopita lililokwishafungwa. Lifungue kwenye Calc ukiwa umewasha Mint kutoka flashi. Linganisha jumla ya chini ya kila safu na ile iliyosainiwa. Kisha badilisha kilo za mkulima mmoja uone kama makato na malipo yake yanafuata. Yakitofautiana hata shilingi, usihame. Kama mna kifaa cha alama za vidole au cha risiti kinachokuja na programu yake ya Windows, hapo pia baki. Mashine ya malipo ya wakulima si ya kujaribia kitu Oktoba.

karani_wa_amcos

Daftari langu lina VLOOKUP tu na jumla za kawaida, makro haina. Nitafanya hilo jaribio na daftari la zamani.

---

kijana_wa_shangani

Kaka, mimi ni mwanafunzi, nataka Kali. Naona kwenye video wataalamu wote wanaitumia.

fundi_ligula

Mdogo wangu, Kali imetengenezwa kwa ajili ya watu wanaopima usalama wa mitandao. Wenyewe waliotengeneza hawaipendekezi kwa anayeanza Linux wala kwa matumizi ya kila siku. Weka Mint, soma teminali, amri zake ni za ukoo huo huo wa Debian. Kifaa chochote cha usalama unachotaka kujifunza, kama Wireshark au Nmap, unakiweka humo humo kwa `apt-get`. Na upime mtandao wako au uliopewa ruhusa tu.

---

mwl_ruangwa

Fundi, nimerudi. Nimeweka zile herufi, mtihani wa kidato cha pili umekaa kurasa nne kama ulivyokuwa kwenye Word. Mchoro mmoja tu wa jiografia umesogea, nimeurudisha. Mkuu wa shule amekubali tuanze na kompyuta chache. Nikija Mtwara nije na nini?

fundi_ligula

Safi sana mwalimu. Njoo na flashi ya GB 32 iliyo tupu, ikiwezekana ya USB 3, na diski ya nje kama shule inayo. Kwenye flashi nitakuwekea Ventoy, ambayo inabeba ISO kadhaa pamoja: Mint 22 Xfce, Debian 12 ya bit 32 kwa zile kuukuu, na Debian 13. Namba za sha256 usizichukue kwangu, zisome mwenyewe kwenye tovuti zao kwa simu yako ukiwa umekaa hapo, tuzilinganishe pamoja. Kwenye diski nitakupa vifurushi vyote vya masasisho nilivyonavyo kwenye apt-cacher-ng, pamoja na maelekezo ya kuisimika kwenye mashine moja ya chumba chenu.

Kabla ya kuondoka Ruangwa washa kila kompyuta uandike RAM yake, aina ya prosesa na kama ni bit 32 au 64. Usiache kuandika na jina la printa.

karani_wa_amcos

Mwalimu ukipita Mnazi Mmoja nijulishe, na mimi nitakuwa nashuka mjini wiki hiyo. Nitakopi hapo hapo.

mwl_ruangwa

Sawa kaka. Njoo na flashi yako.